Rangi ya kinkayeri juu ya gari: namna inafanyiwa kazi, na kile haiwezi kuponya

Kwenye parking za taksi, iwe Bukavu, Bunia ao Lubumbashi, si vigumu kutambua gari iliyopakwa rangi kwa mukono. Mutu akisimama karibu ataona mistari ya penso kwenye mulango, matone kidogo kwenye mpira wa dirisha, na pale jua linapiga, kapo haing'ae sawa na ile ya gari iliyotoka katika garaji kubwa. Mara nyingi rangi hiyo haikununuliwa kwa muuzaji wa vifaa vya magari. Ilitoka kinkayeri, pamoja na misumari, mabati na simenti.

Kuna wanaocheka magari hayo. Lakini kwa dereva ambaye kila jioni anapaswa kumupa patroni hesabu ya siku, na ambaye gari yake ikilala garaji wiki mbili hakuna chakula nyumbani, rangi ya bei ndogo si jambo la kuchekesha. Ni njia ya kubakia barabarani. Swali la maana si kama rangi hiyo inafaa ao haifai. Swali ni kujua inaweza kufanya nini, namna gani inawekwa ili ishike, na wapi inaanza kudanganya mwenye gari, abiria na yule atakayeinunua kesho.

RANGI GANI INAITWA YA KINKAYERI

Katika kinkayeri kuna rangi za aina mbili kubwa. Kuna rangi ya maji, ile ya kuta za nyumba. Hiyo haiwekwe juu ya gari hata kidogo: haishike vizuri kwenye chuma, haivumilii mafuta ya moteri wala kusuguliwa kila siku. Kuna pia rangi ya mafuta, ambayo wengine wanaiita laki ao glisero, ile inayopakwa kwenye milango ya chuma, madirisha na magrili. Ni hii ya pili ndiyo mafundi wanatumia juu ya magari.

Rangi ya mafuta inakauka kwa namna mbili zinazofuatana. Kwanza diliyani iliyo ndani inatoka na kwenda hewani. Hiyo inachukua masaa. Kisha mafuta yenyewe yanachukua oksijeni ya hewa na polepole yanageuka kuwa ngozi ngumu. Hiyo inachukua siku, na ugumu wa kweli unaweza kuomba wiki kadhaa. Ndiyo maana mutu anaweza kugusa gari jioni akasema imekauka, lakini kesho yake ukucha ukiingia kidogo unaacha alama.

Rangi ya magari inayouzwa siku hizi kwa mafundi wa garaji ni tofauti. Inakuja katika mikebe miwili: rangi yenyewe na kigumisho. Vikichanganywa vinaanza kushikana vyenyewe, bila kungojea hewa. Inakuwa ngumu ndani ya siku moja ao mbili, inavumilia esansi inayomwagika, na inakaa miaka mingi chini ya jua. Lakini inaomba kompreseri, pistole, mahali pasipo vumbi, umeme usiokatika katikati ya kazi, na fundi aliyejifunza. Kigumisho chake kina kemikali zinazoitwa izosianati, ambazo zikipulizwa hewani zinaweza kumuletea fundi ugonjwa wa pumu unaodumu. Katika inchi nyingi wapakaji wa magari wanahesabiwa kati ya wafanyakazi wanaopata zaidi pumu ya kazi. Juu ya jambo hilo, rangi ya kinkayeri iliyowekwa kwa rulo iko na faida: haina izosianati na haitoe wingu la rangi hewani.

KUPAKA KWA MUKONO SI JAMBO LA JANA

Wengi wanafikiri kupaka gari kwa penso ni ufundi wa umaskini. Ukweli ni kwamba magari ya kwanza yalipakwa kwa penso, sawa na magari ya kukokotwa na farasi kabla yake. Tabaka moja baada ya lingine liliwekwa, likakaushwa, likasuguliwa, na kazi yote iliweza kuchukua wiki nyingi.

Viwanda ndivyo vilichoka kungojea. Ford T ilitengenezwa Marekani kuanzia 1908 mupaka 1927, zaidi ya magari milioni 15, na kwa miaka mingi, kati ya 1914 na 1925, ilitoka kiwandani kwa rangi nyeusi tu. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ikaleta rangi ya Duco, iliyokauka kwa masaa na kuwekwa kwa pistole, na viwanda vikaanza kuuza magari ya rangi nyingi bila kungojea wiki nzima. Katika miaka iliyofuata rangi za mafuta za aina mupya zikaenea katika viwanda na katika maduka. Rangi ya kinkayeri ya leo ni ya ukoo huo.

Rangi za kuzuia kutu nazo ziko na hadithi yao. Mwaka 1921 Robert Fergusson, kapiteni wa meli mwenye asili ya Scotland, alianzisha huko Marekani kampuni ya Rust-Oleum. Alikuwa ameona kwamba mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sakafu ya chuma ya meli yalizuia kutu kuendelea. Rangi zake za mukebe, zilizouzwa kwa kupaka mashini, mageti na vyuma vya nje, ndizo watu wa huko walikuja kutumia baadaye kwa kupaka magari ya zamani kwa rulo, nyumbani kwao. Kwa hiyo kile fundi wa kwetu anafanya chini ya mwembe, mwengine anakifanya katika garaji yake ya Marekani, kwa sababu ileile: pesa.

KUTU: KILE RANGI HAIWEZI KUPONYA

Hapa ndipo penye hatari. Magari mengi ya mashariki ya Kongo ni magari yaliyotumiwa kwanza Japani, yakapita baharini mupaka Dar es Salaam ao Mombasa, kisha barabarani mupaka kwetu. Usukani wa kuume unaonyesha yalikotoka. Yale yaliyotembea katika sehemu za Japani zenye theluji yalikanyaga chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Chumvi hiyo inaingia chini ya gari, kwenye mikunjo ya chuma, na kutu inaanza pale macho hayafike. Huku kwetu matope na mashimo vinaendeleza kazi. Goma na pembeni yake, gazi ya volkano inaweza kufanya mvua iwe na asidi, na kila mutu wa huko anajua namna mabati yanavyoliwa.

Kutu haikomi kwa kufunikwa. Ikiwa na unyevu na hewa kidogo tu, inaendelea chini ya rangi, inavimba, na baada ya miezi michache rangi inapanda kama malengelenge kisha inabanduka. Masitiki nayo haisaidie. Masitiki ni ya kusawazisha bonde dogo juu ya chuma safi. Ikipakwa juu ya kutu, inavuta maji kama sponji, na chuma kinaendelea kuoza nyuma yake.

Kwenye kapo ao mulango, hilo ni jambo la sura tu. Lakini kwenye shasi, kwenye mihimili ya chini ya milango, pale mikanda ya viti inafungwa, ao pale amortisere inashikilia, chuma kilichooza ni jambo la maisha. Minibus yenye watu kumi na tano inaposhuka mulima, ni chuma hicho kinachobeba uzito wote. Hakuna rangi, ya bei ndogo ao ya bei kubwa, inayoweza kurudishia chuma nguvu yake. Kazi hiyo ni ya mutu wa sudire: kukata sehemu iliyooza na kuweka bati mupya.

Kabla ya kununua hata mukebe mumoja, mwenye gari anaweza kufanya vipimo viwili bila malipo. Cha kwanza: achukue turnevisi, alale chini ya gari, agonge na kusukuma pale kutu inaonekana. Chuma kizima kinatoa sauti kavu na hakiingie. Kilichooza kinatoa sauti nzito, kinamumunyuka ao kinatoboka. Cha pili: achukue sumaku ndogo, aifunge katika kitambaa chembamba, aipitishe polepole juu ya bati. Pale sumaku inaposhindwa kushika, chini yake kuna masitiki nyingi, na mara nyingi kuna kitu kilichofichwa.

MATAYARISHO NDIYO KAZI YENYEWE

Mafundi wazuri wanakubaliana juu ya jambo moja: kupaka ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa iko kabla. Rangi ya bei kubwa juu ya gari chafu itabanduka, na rangi ya kinkayeri juu ya chuma kilichotayarishwa vizuri inaweza kukaa miaka.

Kazi inaanza kwa kusafisha. Gari inaoshwa kwa maji na sabuni ya unga, hasa chini ya milango na kandokando ya madirisha, kisha inasuuzwa sana. Baada ya kukauka, inapanguswa kwa kitambaa safi chenye waiti-spiriti ili kutoa mafuta na nta ya kung'arisha. Nta ikibaki, rangi mupya inakimbia na kuacha vishimo vidogo kama macho ya samaki.

Kisha inafuata kutu. Inaondolewa kwa burashi ya waya ao kwa mashini mupaka chuma kinang'aa. Vishimo vidogo ambavyo burashi haifike vinaweza kupewa dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosfori. Mafundi wanasoma maagizo ya mukebe, wanavaa glavu, na hawaache dawa ikauke ovyoovyo. Chuma kilicho wazi hakilale hivyo: siku ileile kinapakwa antiruye, kwa sababu umande wa usiku mumoja unatosha kuanzisha kutu mupya.

Rangi ya zamani inayoshika vizuri haina haja ya kutolewa yote. Inasuguliwa tu kwa papie-vere ya maji, namba 240 ao 320 pale penye makovu, kisha 400 kila mahali, mupaka gari yote inapoteza mung'ao. Rangi mupya inashikilia kwenye mikwaruzo hiyo midogo. Mahali palipobaki pakiteleza kama kioo ndipo itaanzia kubanduka.

Mwisho wa matayarisho ni kufunika. Vioo, taa, mipira, parshoki za plastiki na namba ya gari vinafunikwa kwa skochi ya karatasi na magazeti ya zamani. Fundi anayeruka hatua hiyo ndiye anaacha matone ambayo mwenye gari atayaona kila asubuhi kwa miaka.

NAMNA YA KUWEKA RANGI

Rulo ya sponji ngumu, ile fupi yenye nyuzi zisizotoka, inatoa kazi nzuri kuliko penso. Penso inabaki kwa pembe na mikunjo tu. Rangi inaongezwa waiti-spiriti kidogokidogo mupaka inakuwa nyepesi karibu sawa na maziwa. Ikiwa nzito, rulo inaacha ngozi kama ya chungwa. Ikiwa nyepesi sana, inatiririka kwenye milango.

Sheria kubwa ni tabaka nyembamba, nyingi. La kwanza litaonekana baya: rangi ya zamani itachungulia chini yake. Hapo ndipo wengi wanakosa uvumilivu na kuweka rangi nyingi ili wamalize mbio. Rangi nzito inakauka kama uji unaopoa: ngozi inajifunga juu, ndani kungali laini. Kisha inajikunja, na hakuna dawa isipokuwa kusugua yote na kuanza tena.

Kwa kawaida tabaka nne mupaka sita zinatosha. Kati ya tabaka moja na lingine, rangi nyingi za mafuta zinaomba karibu usiku muzima, masaa 16 ao 24, na zaidi ikiwa kuna baridi. Mukebe wenyewe unasema, na unapaswa kusomwa. Baada ya kila tabaka mbili, gari inasuguliwa polepole kwa papie-vere ya maji namba 600 ao 800, inaoshwa, inakaushwa, ndipo rangi inaendelea. Kazi inafanywa sehemu kwa sehemu: paa kwanza, kisha kapo na kofre, mwishoni milango na pande, bila kusimama katikati ya sehemu moja, kwani mupaka wa rangi mbichi na iliyoanza kukauka hauondoke.

Kwa gari ndogo, nje tu, lita 3 ao 4 za rangi mara nyingi zinatosha kwa tabaka zote. Minibus inaweza kuomba karibu mara mbili. Ni vizuri kununua yote siku moja na kuchanganya mikebe katika ndoo moja, kwa sababu mikebe miwili ya jina moja inaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itaonekana kati ya mulango na mulango.

Gari iliyomalizika inaweza kurudi barabarani baada ya siku chache, lakini bado ni kama mutoto muchanga. Kwa wiki tatu ao nne haioshwe kwa sabuni kali, haipewe nta, haifunikwe kwa baashi ya plastiki inayofunga unyevu. Mwenye kutaka mung'ao zaidi angojee huo mwezi upite, ndipo asugue kwa papie-vere namba 1500 na 2000, kisha kwa krimu ya kung'arisha.

MUSIMU NA MAHALI

Huku Kongo kalenda ni sehemu ya kazi. Lubumbashi, musimu wa kiangazi wa Mwezi wa Tano mupaka wa Tisa unatoa siku kavu, lakini pia vumbi jekundu na baridi ya asubuhi inayochelewesha rangi kukauka. Bukavu na pembeni ya Kivu, miezi ya Sita, Saba na Nane ndiyo yenye mvua kidogo. Katika musimu wa mvua, mutu anaweza kufanya kazi chini ya paa tu.

Saa nazo zinahesabika. Asubuhi sana kuna umande juu ya bati. Saa sita jua linachemsha kapo, na rangi inakauka juu kabla haijatandaa. Saa nzuri ni kati ya saa tatu na saa tano za asubuhi, kivulini, baada ya kumwagilia udongo maji ili vumbi litulie. Rangi inayowekwa jioni inashikwa na unyevu wa usiku na inapoteza mung'ao.

ESANSI, MOTO NA RISASI

Makosa mengine yanaharibu gari. Haya yanaharibu watu.

La kwanza ni kuongeza esansi ndani ya rangi. Esansi ya kadafi iko kila pembe ya barabara, na mara nyingi inapatikana mbio kuliko waiti-spiriti. Lakini mivuke yake inashika moto kwa cheche moja ya sigara, ya makala ao ya sudire ya jirani, na ina benzeni, kemikali inayoweza kuleta kansa ya damu. Tena inaharibu rangi, ambayo inakauka vibaya na kupoteza mung'ao. Pesa inayookolewa ni kidogo sana kulinganisha na hatari.

La pili ni vitambaa. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta vikirundikwa pamoja vinaweza kupata joto vyenyewe mupaka viwake, bila mutu kuweka moto. Vinapaswa kutandikwa kimoja kimoja nje vikauke, ao kutiwa ndani ya ndoo ya maji.

La tatu halionekane kwa macho: risasi, ile metali nzito. Kwa miaka mingi rangi za mafuta zenye manjano, machungwa na nyekundu kali zilitengenezwa kwa kemikali zenye risasi, na katika inchi ambazo hazichunguzi vizuri rangi hizo zingali zinauzwa. Minium ya zamani, ile rangi ya machungwa ya kuzuia kutu, ni risasi kabisa. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kipimo cha risasi ndani ya damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaumia zaidi: inagusa ubongo wao, inapunguza uwezo wa kujifunza, na madhara hayarudi nyuma. Kipimo ambacho wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanashauri inchi zisivuke ni sehemu 90 za risasi kwa milioni moja za rangi.

Jambo hilo linagusa moja kwa moja wenye taksi, kwa sababu manjano ndiyo rangi ya taksi katika miji mingi, Kinshasa ikiwa mbele. Taksi ya zamani iliyopakwa manjano mara tatu ao nne inaweza kubeba risasi katika kila tabaka. Fundi anayeisugua ikiwa kavu, bila kinga, anavuta vumbi hilo, na analipeleka nyumbani kwenye nguo zake.

Kujikinga hakuombe vyombo vya ajabu. Rangi ya zamani isuguliwe na maji, kamwe isisuguliwe ikiwa kavu wala kuchomwa kwa moto. Watoto wasicheze pale, na kazi isifanywe kwenye uwanja wa kupikia ao karibu na kisima. Fundi avae kinga ya vumbi inayoshika vizuri usoni. Kitambaa cha kawaida hakitoshe. Anawe mikono kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe pembeni na za watoto. Wakati wa kununua, mutu aulize rangi iliyoandikwa kwamba haina risasi. Maandishi hayo si ushahidi kamili, lakini muuzaji anayeulizwa kila siku ataanza naye kuuliza anakoichukulia.

KARATASI NA UKWELI

Mwenye kubadilisha rangi ya gari yake aangalie kwanza karatasi. Ikiwa zinataja rangi, na gari imetoka nyeupe ikawa ya buluu, polisi wa barabara anaweza kuuliza kama gari ni ileile. Ni afazali kwenda kwenye ofisi inayoandikisha magari kabla ya kazi kuliko kujieleza kila siku barabarani. Kwa taksi na minibus, muji unaweza kuwa na rangi yake ya lazima. Dereva aulize kwa shirika la madereva ao komine kabla ya kununua.

Kuna pia jambo la kuuza. Gari iliyopakwa mupya juma moja kabla ya kuuzwa inapaswa kuamusha maswali. Mununuzi ana haki ya kulala chini, kupitisha sumaku, kuinua kapeti na kuangalia sakafu. Muuzaji anayesema wazi kwamba ni rangi ya kinkayeri, na kutu ilikuwa hapa na hapa na ilikatwa, hajapoteza kitu. Anayeficha shasi iliyooza chini ya masitiki na rangi nyeusi anauza hatari kwa pesa ya gari.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kumwambia mununuzi. Rangi ya mafuta haipendi kufunikwa na rangi ya garaji yenye diliyani kali. Ikiwekewa juu, inavimba na kujikunja kama ngozi iliyoungua. Kesho mutu akitaka kazi ya pistole, fundi atapaswa kutoa rangi ya kinkayeri yote kwanza, na hiyo ni gharama.

KUFANYA HESABU

Bei ya mukebe haiseme gharama yote. Anayehesabu vizuri anaandika rangi, antiruye, waiti-spiriti, papie-vere za namba zote, skochi, rulo na kinga ya vumbi. Kisha anaandika siku ambazo gari haitafanya kazi. Matayarisho ya siku tatu ao nne, tabaka sita zinazongojea usiku sita, na siku za kukauka: inaweza kufika wiki mbili. Kwa taksi, hesabu ya jioni za wiki mbili inaweza kupita bei ya mikebe yote. Hapo wengine wanachagua kupaka kwa sehemu: milango wiki hii, kapo wiki ijayo, gari ikitembea mchana. Inawezekana, mradi kila sehemu ioshwe na kusuguliwa tena kabla ya kupakwa.

Mwishoni dereva anabaki na uchaguzi ulio wazi. Ikiwa gari ni ya thamani na itauzwa kwa bei nzuri, kazi ya garaji inajilipa. Ikiwa ni gari ya kazi, yenye chuma kizima, rangi ya kinkayeri iliyowekwa kwa uvumilivu itaizuia kutu na kuipa heshima kwa miaka kidogo, kisha itafifia kwa jua na kuomba kupakwa tena. Na ikiwa turnevisi imeingia ndani ya shasi, pesa ya rangi iende kwanza kwa mutu wa sudire. Abiria anayepanda asubuhi hataona kazi hiyo, lakini ndiyo inayomurudisha nyumbani jioni.